Aliyeoa kwa Ajili ya Fahali

Simu ililia nikiwa kwenye chai ya asubuhi, na sauti ya upande wa pili haikusalimu. "Shemeji," ilisema, "yule aliyenioa kwa sababu ya ng'ombe ametuacha." Mwingine angedhani ni mzaha. Lakini mimi nimemsikia mama huyu akimwita mumewe hivyo miaka yote ya ndoa yao, mbele ya wageni, mbele ya wajukuu, hata mbele ya padri, na nadhani asubuhi ile hakuwa na jina jingine la kuanzia. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema mumewe alilala vizuri, alfajiri akamgusa bega kumwamsha, naye hakuamka. Nilipoiweka simu chini, chai yangu ilikuwa imepoa.

Marehemu hakuwa mtu mashuhuri, na nina hakika hii ndiyo mara ya kwanza habari zake kutokea gazetini. Alikuwa mwalimu wa sayansi, tukifundisha naye shule moja ya msingi huko Isukha, mwendo wa baiskeli kutoka mji wa Kakamega, katika ile miaka ya bendera mpya. Alikuwa mrefu, suruali zake fupi, na hakuna jambo duniani aliloliamini kabla ya kulijaribu. Siku moja aliambiwa kuku hatagi mvua ikinyesha, basi akakaa bandani na yule kuku mvua nzima, na alipotoka huko kalowa hakutuambia matokeo. Tulimcheka sana. Ukweli ni kwamba tulimpenda, ila walimu vijana hawakuwa na njia nyingine ya kuonyeshana mapenzi isipokuwa kuchekana.

Sasa huyo ng'ombe. Baba yake mwalimu alikuwa mfugaji wa mafahali wa kupiganisha, na kabla ya kufa alimwachia mkewe fahali mmoja mweusi mwenye pembe moja, ile nyingine ikiwa imebaki uwanjani Khayega katika pambano lake la mwisho. Msomaji asiyejua mambo ya Isukha inafaa aelewe hivi: fahali wa kupigana haendi uwanjani kimyakimya kama anayekwenda kunywa maji. Husindikizwa na ngoma za isukuti, kubwa, ya wastani na ndogo, pamoja na pembe na nyimbo, tangu kwenye zizi mpaka mbele ya adui yake. Fahali huyu alikuwa amesindikizwa hivyo tangu ujana. Ngoma, kisha pambano. Ngoma, kisha pambano. Mwishowe kichwani mwake mambo hayo mawili yakawa kitu kimoja, na isukuti ikilia tu, hata awe amelala anacheua, alisimama, akachimba udongo kwa kwato, akavunja zizi na kwenda kumtafuta mpinzani. Yeye mwenyewe alikuwa amestaafu. Ngoma hazikuwa zimestaafu.

Na mimi nawauliza, ni miaka gani ngoma zililia kuliko ile? Bendera ilipanda, ngoma zikapigwa. Diwani akachaguliwa, zikapigwa tena. Daraja likafunguliwa, mtu akarudi kutoka ng'ambo na koti jipya, ngoma. Katika mkutano mmoja wa kusherehekea Uhuru, uwanja ukiwa umejaa, fahali wetu alisikia isukuti kutoka nyumbani, akaja. Wachezaji walitawanyika, akina mama wa kanisa wakajifungia kwenye choo cha shule, na naibu wa chifu akapanda juu ya meza ya wageni wa heshima na kukaa hapo, kofia mkononi, huku fahali akizunguka akitafuta fahali mwenzake na kushangaa kwamba leo hakuna. Hakumgusa mtu. Lakini naibu wa chifu alikuwa ameonekana na kata yake nzima akiwa juu ya meza, na hilo halisameheki. Aliposhuka alitoa amri: mnyama huyo akionekana nje ya boma lake tena, atachinjwa.

Mama yake mwalimu alikuwa mjane mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini, na jioni alikuwa na mazoea ya kukaa karibu na zizi akimsimulia fahali habari za siku ile. Aliposikia amri alimwambia mwanawe, nami nikiwepo: "Babako alishika kamba ya hii ng'ombe, akaweka kwa mkono yangu, akafa. Sasa nitamwambia nini nikimfikia?" Hakulia. Akaingia jikoni, tukasikia akipanga vyungu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Mwalimu aliniangalia, nikajua kwamba fahali ameshakuwa somo la sayansi.

Tulipokuwa tukirudi shuleni alinieleza. Mimi ni mtu wa Butere, na akaanza na Butere yangu. "Ulipokuwa mtoto," aliniuliza, "gari moshi likipiga filimbi, ulisikia nini?" Nikamwambia nilisikia njaa, maana baba yangu alikuwa akirudi na gari hilo kutoka Kisumu akiwa na mkate, na mate yalinijaa mdomoni kabla hata injini haijaonekana. "Filimbi inaliwa?" Hapana. "Basi nani aliyeyafundisha mate yako?" Akasema fahali na mimi tumesoma darasa moja, ila mimi nilifundishwa na mkate na yeye kafundishwa na pembe. Na kama ngoma zikilia mara nyingi pasipo pambano lolote, kichwa chake kitaacha kungojea pambano, kama vile mate yangu yangekauka iwapo baba angeshuka mikono mitupu kila siku. Niliona maneno hayo yana akili. Sikujua kwamba mpigaji ngoma nitakuwa mimi.

Tuliazima ngoma moja kutoka stoo ya shule, na kila jioni nikaenda ng'ambo ya kijito, kwenye mikaratusi, nikapiga isukuti kadiri ya uwezo wangu. Jioni ya kwanza fahali aliinua kichwa. Baadaye aliinua sikio moja. Baada ya muda hakuinua chochote, akaendelea kula nyasi huku mimi nikitoka jasho. Mwalimu alifurahi akanishika mkono kama mtu aliyeshinda tuzo. Mama alikuwa akitutazama kutoka mlangoni, na tabasamu ambalo wakati huo nililiona kuwa la shukrani.

Haikupita muda, wapigaji wenyewe, wenyeji wa Isukha waliozaliwa na ngoma mapajani, wakapita barabarani wakimsindikiza mwanasiasa. Zizi lilivunjika kwa mkupuo mmoja. Mama alikuwa uani, akaidaka kamba ya fahali na hakuiachia, akaburutwa matopeni kwa tumbo tangu kwenye zizi mpaka langoni, na hapo langoni fahali akasimama, labda kwa kuchoka, labda kwa kumsikia nyuma yake akimwita kwa jina. Bega la mama liliteguka. Alipokuwa akifungwa kitambaa, mwalimu akiwa amepiga magoti mbele yake, alituambia alichokuwa anajua muda wote. "Ile ya mwalimu wa Butere haikuwa ngoma," alisema. "Ni mtu anapiga debe. Hata ng'ombe inajuanga." Kwa hiyo tulikuwa tumemfundisha fahali jambo moja tu kwa ukamilifu: kunidharau mimi. Bado nasikia aibu kidogo, na marehemu hakuniruhusu nisahau.

Hapo mambo yakawa mazito, maana sasa iliyokuwa hatarini haikuwa shingo ya fahali peke yake. Mama alikuwa ameonyesha kwamba kamba hiyo hataiachia, na mara nyingine bega lisingekuwa ndilo la kuteguka. Mwalimu akaona hakuna njia ila kuwaleta wapigaji halisi nyumbani, waanze mbali, wasogee kidogo kidogo. Wapigaji wakakataa. Mama naye akakataa, tena kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Isukuti haipigwangi bure, mwana wanje, mtoto wangu. Inapigwa kwa matanga, kwa harusi, kwa ng'ombe inaenda kupigana. Ikipigwa kwa boma ya mjane bila sababu, inakuwa inaita kifo." Mwalimu akajaribu kumweleza habari za mate na filimbi. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi lete sababu. Unataka ngoma kwa boma yangu? Lete bibi."

Sasa katika shule yetu kulikuwa na mwalimu wa darasa la kwanza, binti mwenye macho makali na kicheko cha ghafla, ambaye rafiki yangu alikuwa akimpelekea chaki. Chaki zilikuwa zimejaa darasani kwa yule binti, lakini kila siku alimpelekea nyingine, akaiweka mezani, akasema neno kuhusu hali ya hewa na kuondoka. Siku iliyofuata baada ya maneno yale ya mama alikwenda bila chaki. Mimi nilikuwa dirishani, nadai kwamba nilikuwa napita. "Nataka tuoane," alisema. Binti akamuuliza haraka imetoka wapi. Na kwa kuwa hakujua kusema uongo, akamweleza yote: naibu wa chifu, bega la mama, ngoma, sababu. Binti alisikiliza akiwa ameshika kifutio. "Kwa hivyo unanitaka mimi, ama unataka ngoma?"

"Wewe nakutaka tangu siku ya kwanza ulipokuja," alimjibu. "Ngoma ndiyo imenipa nguvu ya kusema."

Alikubali. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba alikubali kwa sababu ya jibu hilo, lakini kwa watu wengine hakulisimulia kamwe. Aliwasimulia swali lake tu na habari za ng'ombe, na kumwacha mumewe ajitetee.

Harusi ikishatangazwa, mazoezi ya ngoma ni haki ya kila boma, na hapo hakuna aliyeweza kusema isukuti inapigwa bure. Wapigaji walikuja jioni baada ya jioni. Mwanzo walipiga kutoka ng'ambo ya kijito, kwa mikono ya taratibu, na mama alikaa karibu na zizi akiwa na ungo wa miwa iliyokatwakatwa na chumvi kidogo. Mwalimu alikuwa ameshaona kwamba kungojea fahali asahau hakutoshi. Ngoma ililazimika kumletea kitu kingine badala ya pambano. Kwa hiyo ngoma ianze, kisha muwa utolewe. Akichimba udongo, wapigaji warudi nyuma. Akitafuna kwa utulivu, wasogee mbele. Shida ilikuwa mama, ambaye alimwonea huruma mnyama na kumpa muwa kabla ya ngoma. "Mama, ngoma kwanza," mwalimu alimsihi kutoka mbali. "Ngoma haina njaa," alijibiwa. "Hii ndiyo iko na njaa." Kila jioni walibishana hivyo, wapigaji wakingoja, mimi nikiwa nimekatazwa kugusa ngoma yoyote.

Ilichukua muda mrefu kuliko harusi yenyewe ilivyohitaji, na watu wakaanza kuuliza bibi harusi huyu ni mtoto wa nani hata afanyiwe mazoezi makubwa namna hiyo. Wapigaji hawakulalamika. Walikuwa wakipewa pombe ya busaa, obusuma, yaani ugali, na kuku tunayemwita ingokho, na mwalimu alinionyesha pembeni kwamba sasa kuku akilia jikoni, wao ndio wa kwanza kuinua vichwa.

Siku ya harusi msafara uliingia na isukuti zote tatu, pembe ikilia, vumbi juu. Naibu wa chifu alikuwa mgeni wa heshima, na kiti chake alikiweka karibu na meza, akaipima meza kwa macho. Fahali alikuwa zizini. Ngoma zilipopita langoni alisimama. Mama aliacha wageni, akaenda akasimama karibu naye, mkono mmoja bado hauinuki vizuri. Sitasahau uso wa rafiki yangu wakati ule. Alikuwa na bibi harusi ubavuni na macho yake yalikuwa kwa ng'ombe. Fahali alikuja mpaka kwenye fito za zizi, akatoa kichwa, akatoa ulimi, na mate marefu yakaanza kudondoka mpaka chini. Akangoja muwa wake. Mama akampa. Naibu wa chifu alitazama kwa muda, akavua kofia akajipepea. "Hii ni ng'ombe," aliuliza, "ama ni karani anangoja chai?" Watu wakacheka, amri ya kuchinja haikutajwa tena, na bibi harusi akamnong'oneza mumewe kwamba sasa amtazame na yeye.

Swali lile la naibu wa chifu nililibeba, kwa sababu sisi walimu nasi tulikuwa na ngoma yetu. Mkaguzi wa shule wa zama za ukoloni alikuwa na gari lenye mlio wa kukohoa, na likisikika mlimani magazeti yaliingia chini ya meza, tai zikanyooshwa, mwalimu mkuu akaangusha alichoshika. Uhuru ulipokuja, mzungu akaenda zake na gari likabaki. Mkaguzi mpya alikuwa kijana tuliyesoma naye, aliyewahi kuazima viatu vyangu kwenda dansi. Hata hivyo gari likikohoa tuliruka vilevile. Mwanzoni alituonea haya, baadaye akaanza kupenda tunavyoruka. Rafiki yangu alimwendea akamwambia wazi kwamba kubadilisha dereva hakutoshi, kwa kuwa masikio yetu hayamwoni dereva. Akamshauri awe anakuja na mandazi. Mkaguzi alicheka mpaka akafuta machozi, na mandazi hayakuja. Leo nikiingia ofisi yoyote ya umma naona watu wazima, wengine waliozaliwa baada ya yule mzungu kuondoka, wakishusha sauti na kukunja bega mbele ya kidirisha, na namkumbuka. Tuliondoa pambano, tukasahau muwa.

Nisiwadanganye kwamba fahali aliponywa mara moja tu. Ulipita msimu mrefu bila ngoma, na kisha kwenye matanga ya jirani isukuti ikalia asubuhi, fahali akachimba udongo kama zamani. Mama aliogopa. Mwalimu hakushangaa, alisema la zamani halikufutwa, limefunikwa tu na jipya, na jipya linahitaji kupaliliwa. Basi tangu hapo akajiwekea desturi: ngoma ikisikika popote, aliacha alichokuwa akifanya, akazunguka nyuma ya jiko kulikokuwa na shina la miwa, akakata mmoja, akaenda zizini. Aliacha chakula mezani, aliacha wageni, nasikia mara moja aliacha sala katikati. Fahali alizeeka, akafa kifo chake mwenyewe, na mama akamfuata baadaye akiwa hana deni kwa mumewe. Lakini ngoma zilipolia, mwalimu aliendelea kuinuka, akafika kwenye miwa, panga mkononi, ndipo akumbuke. Mkewe alimcheka. "Ulifundisha ng'ombe," alimwambia, "sasa wewe nani atakufundisha kusahau?" Naye alikata muwa, kwa kuwa panga lilikuwa tayari mkononi, akarudi akampa yeye.

Tulimzika nyumbani kwake, uani palepale ambapo mama yake aliburutwa matopeni. Wapigaji walikuja, wajukuu wa wale wa harusi. Mjane alikuwa ameketi kando ya jeneza, amezungukwa na wanawake wenzake, mtulivu kuliko sisi sote. Ngoma zilipoanza langoni aliinuka. Wanawake walidhani amezidiwa wakataka kumshika, akawaondoa mikono kwa upole, akazunguka nyuma ya jiko. Aliporudi alikuwa na kipande cha muwa. Akasimama katikati ya watu, akatazama jeneza, akatazama pale zizi lilipokuwa, na nikaona kwamba hajui ampe nani. Ni hapo tu ndipo alipolia. Mimi nikalia pia, sioni haja ya kuficha.

Kisha akaniona. Akaja, akaniwekea muwa mkononi. "Kula wewe, shemeji," alisema. "Uliharibu ngoma, lakini ulikuwepo." Nikautafuna muwa mbele ya waombolezaji wote, mzee mzima, na wapigaji hawakuacha kupiga.

Nilichojifunza kwa mtu huyu ni kidogo, lakini nimekaa nacho miaka mingi. Hofu haisikii amri, na haiondoki kwa sababu kilichoileta kimeondoka. Mtu hana budi kukaa karibu na mwenye hofu, akiwa na kitu kitamu mkononi, kila ngoma inapolia, hata akiwa na wageni. Jana jioni isukuti ilisikika kutoka ng'ambo ya bonde, sijui ni harusi au ni matanga. Mate yalinijaa mdomoni kabla ya machozi.